Kelele za Jumamosi

Bibi Arlys Bjornstad, fundi wa matrekta, hakuwa na uvumilivu na mtu anayefungua boneti na kuanza kuongea. Sikiliza kwanza, alikuwa akisema, injini itakwambia yenyewe inaumwa wapi. Mdomo wako utapata zamu yake baadaye. Kwa ulimi huo aliwaudhi wateja wengi wa karakana ya matrekta hapa Halvor, magharibi mwa Wisconsin, na karibu wote walirudi, maana hawakuwa na pengine pa kwenda. Alipostaafu, gereji ya nyuma ya nyumba yake ikajaa kabureta za magari ya zamani, zile za kuchanganya hewa na petroli, ambazo watu walimletea kutoka hata ng'ambo ya mto. Mwenyewe alipanda pikipiki ya Kiingereza ya silinda mbili iliyovuja mafuta kila ilipoegeshwa, na ole wako useme kitu kuihusu.

Sifa yake ilikuwa masikio. Kuiweka kabureta sawa gari likiwa limesimama, yeyote mwenye bisibisi na saa moja ya kupoteza anaweza. Injini husema kweli inapobeba mzigo. Kwa hiyo mwenye gari aliambiwa ashike usukani, Arlys akakaa pembeni, dirisha wazi na macho amefumba, gari likapanda mlima wa kanisani kwa gia ya juu huku mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Alichokuwa akikitegea sikio ni injini kugonga: sauti ndogo, kali, ya kokoto ndani ya kopo, ambayo hutokea cheche inapowahi mno na mafuta yakalipuka kabla ya wakati wake. Cheche ikichelewa, nguvu inapotea. Ikiwahi kupita kiasi, injini inajitafuna. Utamu wote uko pale mpakani, na Arlys aliweza kuifikisha injini mpakani na kuiacha pale bila kuvuka. Walipofika juu alishuka, akaisogeza distributa, inayopanga wakati wa cheche, kiasi cha unywele, wakateremka, wakapanda tena.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya ubishi. Walikutana wanne, meza ya kona, kwenye mgahawa wa LaVonne, mbele ya mayai na viazi vya kukwangua vilivyokaangwa mpaka vikakakamaa. Gordy Pelowski alikuwa dereva wa lori la maziwa, mwenye sharubu nene na sauti iliyoishia ndani ya sharubu hizo, na Chevelle nyekundu, gari la zamani alilolipenda kuliko afya yake. Chue Moua alikuwa na duka la vipuri na kompyuta mpakato. Aliweza kuichomeka kwenye gari lolote la kisasa, akabadilisha tarakimu kadhaa, na gari likaondoka na nguvu ambayo halikuja nayo. Kwao Wahmong, watu waliotoka milima ya Laos, mtu mzima haitwi jina tupu, kwa hiyo Chue alimwita Arlys shangazi, na wale wengine wakamwiga kwa utani. Wa nne alikuwa Einar Tofte, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliyenunua gari la umeme na tangu siku hiyo akawa havumiliki.

"Ukikanyaga, nguvu yote ipo pale pale," Einar alikuwa akisema. "Hakuna kusubiri, hakuna gia, hakuna moshi."

"Hata jokofu la mke wangu ukilichomeka linawaka pale pale," Gordy alimjibu. "Sijawahi kulipenda kwa sababu hiyo."

Chue naye alikuja na sensa yake, kidude kinachofungwa kwenye bloku ya injini kikisikiliza kila mlipuko, na kikisikia kugonga kinairudisha cheche nyuma kabla dereva hajajua lolote. Alikieleza kwa mapenzi kama mtu anayeeleza mtoto wake alivyofaulu. Arlys alimsikiliza, akamalizia kahawa yake, akagusa masikio yake moja baada ya jingine. Alisema anazo sensa mbili kichwani na hazijawahi kuomba betri. Meza nzima ilicheka, na Chue akalipia kahawa ya mshindi.

Basi, katika majira ya baridi ya mwaka juzi, ubishi ukachacha. Arlys mwenyewe hakujua ulianzia wapi. Gordy, ambaye zamani ilibidi umkaribie ili upate neno lake, akaanza kupaza sauti mpaka vijiko vikalia mezani. Einar akawa anatamka kila neno kama yuko mbele ya darasa la wakorofi. Hata Chue, mtu mpole, mtu aliyelelewa kutopaza sauti mbele ya wakubwa, akawa anafoka juu ya uwiano wa hewa na petroli kana kwamba kaibiwa. Arlys alifurahi. Aliona hatimaye wamepata la kubishania kwa dhati, na lawama na sifa zote akazipeleka kwenye lile gari la umeme.

LaVonne hakufurahi. Aliwaonya mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Kisha Jumamosi moja familia iliyokuja na mtoto mchanga ikaondoka bila kumaliza chapati zao, na LaVonne akasimama mbele ya meza ya kona na kitambaa begani. Alisema anawapenda wote, anajua wamemlia mayai miaka mingi, lakini wakitaka kupigiana kelele waende wakapigie nje. Arlys aliwatazama wanaume watatu akitarajia wataomba radhi na kupunguza. Hakuna aliyepunguza. Walichukua kofia zao, wakatoka.

Tangu hapo wakakutana kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya ghala la nafaka lililofungwa, kahawa ikiwa kwenye chupa za chai, makalio juu ya bodi baridi la pikapu ya Gordy. Januari ilipokuja na ile baridi yake ya kuumiza meno, walikuja hivyo hivyo, wamevaa mpaka hawawezi kukunja mikono, wakipigiana kelele kuhusu betri na mvuke ukiwatoka. Arlys alirudi nyumbani kila Jumamosi na mashavu mekundu na moyo mkunjufu.

Lakini alikuwa na jambo lake, na hakulisema kwa mtu. Ndege wa alfajiri walikuwa wamepungua. Alijiambia ni dawa za mashambani. Watu wa benki walimeza maneno. Alijiambia vijana wa siku hizi hawajafunzwa kuongea. Dada yake aliyeko Arizona alimlalamikia kwenye simu kwamba anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Kila kimoja alikipatia maelezo, na maelezo yalipozidi kuwa mengi akaanza kuogopa. Mume alikuwa ameondoka zamani, mtoto hakuwahi kumpata. Waliobisha hodi gerejini kwake walikuja kwa ajili ya yale masikio. Yakienda, aliwaza, nitabaki bibi mmoja na pikipiki inayovuja, na nani atanijia?

Majira ya kuchipua Gordy alileta Chevelle kwa marekebisho ya mwaka. Injini ile aliifunga yeye na kaka yake Leonard, na Leonard alifariki kabla hawajaimaliza kupaka rangi, kwa hiyo Gordy hakumruhusu mtu mwingine kuigusa isipokuwa Arlys. Walipanda mlima wa kanisani. Arlys alifumba macho. Injini ilinguruma vizuri, nzito, laini, bila kokoto hata moja. Akaiwahisha cheche kidogo, wakapanda tena. Kimya. Akaiwahisha tena. Hakuwahi kuona injini inayokubali kiasi hicho, na alipoikaza distributa na kuipiga alama ya rangi nyeupe ili asiyejua asiiguse, alimwambia Gordy kwamba wamefunga injini ya ajabu, yeye na kaka yake. Gordy aliitikia kwa kichwa tu, mikono yote miwili juu ya usukani.

Kabla ya sherehe za Julai Chevelle ilikuwa juu ya vibao, inavuja mafuta, pistoni moja imeungua. Gordy alimwambia Arlys ni petroli. Alikuwa amejaza petroli kuukuu ya mwaka jana, iliyokaa kwenye dumu bandani.

Sasa, Gordy ni mtu anayeweza kuvaa soksi za jozi mbili tofauti kwenda harusini, lakini petroli huichagua kama maharusi wanavyochagua keki.  Arlys alikwenda kusaidia kuiteremsha injini, akaishika ile pistoni mkononi. Kichwa chake kilikuwa kimetobolewatobolewa, ukingo umeyeyuka, na kwenye plagi kulikuwa na chembe za aluminiamu zinazong'aa. Petroli mbaya inaweza kufanya hivyo. Alimuuliza Gordy dumu lilikuwa lipi. Gordy akaonyesha la kijani. Baadaye, wakinywa soda, akamuuliza tena, naye akaonyesha jekundu. Usiku ule Arlys hakulala vizuri.

Injini ilipofungwa upya, Chue alijitolea kuiwekea sensa yake, kwa majaribio tu, alisema, ili wapate cha kubishania Jumamosi. Mwisho wa Agosti walitoka wawili, Chue akiendesha, Arlys pembeni na kompyuta mapajani. Arlys ndiye aliyeiweka cheche kabla ya kutoka, kwa mazoea, mahali alipopaona sawa. Mlimani Chue alikanyaga. Arlys alitega sikio, akasikia mngurumo ule ule mzito na laini, na alipofumbua macho kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa mistari myekundu kutoka chini mpaka juu. Akamtazama Chue. Chue alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyaga msumari.

Chue aliondoa mguu kwenye mafuta haraka. "Unasemaje, shangazi? Tuirudishe kidogo?" Alisema kana kwamba wazo ni la Arlys.

"Simamisha gari."

Alisimamisha pembeni, karibu na uzio wa makaburi.

"Ilikuwa inagonga?"

Chue alizima injini, akaangalia mbele. "Ilikuwa inagonga."

"Kwa nguvu?"

"Shangazi, hata ng'ombe wale wameisikia."

Arlys alifunga kompyuta. Alimuuliza tangu lini wanajua, na hakuuliza akina nani. Chue alijaribu kuchenga, akabanwa, akasema yote. Wanajua tangu yale majira ya baridi ubishi ulipochacha. Gordy ndiye aliyegundua kwanza, siku LaVonne alipomuuliza Arlys anataka pai ya nini, naye akajibu kwamba ile itabidi ibadilishwe jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta. Walicheka, wakidhani mzaha. Wiki iliyofuata hawakucheka tena. Gordy aliwaita pembeni akawaambia kwamba wakimwambia, hatakuja, wanamjua kichwa chake. Kwa hiyo dawa ni moja, waongeze sauti, na ili asishuku, wagombane.

"Mnagombana kwa makusudi," Arlys alisema.

"Mwanzoni ilikuwa kwa makusudi," Chue alisema. "Einar sasa ananiudhi kweli."

"Na LaVonne?"

"LaVonne hakuambiwa. Tukimwambia LaVonne si mji mzima umejua? Bora kufukuzwa."

Arlys aliomba arudishwe nyumbani.  Kwanza alijaa hasira; aliona wamemchukulia kama mtoto, wamemzunguka, wamejua siri yake mbele yake kwa muda mrefu huku yeye akijigamba na sensa zake mbili. Aliingia gerejini akakaa kwenye kigoda cha kazi, akawa anapanga kwa hasira maneno ya kuwaambia. Kila neno alilolipanga lilimpeleka kwenye Januari ile. Aliwaona tena: Gordy na barafu kwenye sharubu, Chue anatetemeka mpaka kahawa inamwagika, Einar, mtu mzima mwenye mapafu yasiyopenda baridi, anapaza sauti juu ya volti. Wametoka mahali pa joto, penye mayai, wakakubali kuitwa wakorofi na mwanamke aliyewalisha miaka yote, ili yeye mmoja apate kusikia mazungumzo bila kuaibika. Hasira ikamwishia mikononi. Arlys Bjornstad, ambaye hakulia mume alipoondoka, alilia pale kigodani mpaka akalazimika kujifuta na kitambaa cha grisi. Alishukuru. Hakuwa mtu wa kanisa sana, lakini alishukuru kwa sauti, gerejini peke yake, akiwataja majina mmoja mmoja.

Kisha akafanya alichokuwa akikikwepa: alikwenda mjini La Crosse kupimwa masikio. Akapewa mashine ndogo mbili za kukaa nyuma ya masikio, zenye betri, na alijicheka kabla hajachekwa na mtu. Alipotoka nje alisikia zipu ya koti lake mwenyewe, akasimama kwenye maegesho akiipandisha na kuishusha. Lakini yule dada aliyempima hakumficha. Kwa mazungumzo zitamfaa sana. Sauti nyembamba kabisa, kama ile ya injini kugonga ndani ya kelele za gari linalokwenda, haitarudi. Arlys aliuliza mara mbili, akajibiwa hivyo hivyo mara mbili.

Jumamosi iliyofuata alizifunga nywele nyuma ili mashine zionekane. Kuna kitu alikuwa amekiandaa cha kusema, kifupi na cha heshima. Alipoegesha pikipiki nyuma ya ghala wale watatu walikuwa wamekwisha kuanza, na alipovua kofia ngumu kelele zilimpiga usoni. Gordy alikuwa akinguruma kwamba gari linalojiendesha ni la mtu asiyestahili leseni. Einar alikuwa akipiga ubavu wa pikapu kwa kiganja. Chue, anayejua alichomwambia Arlys, alikuwa akifoka kuliko wote na macho yake yakimkwepa. Alichokiandaa kikampotea.

"Jamani," Arlys alisema. "Punguzeni sauti. Nawasikia."

Wakanyamaza. Einar ndiye aliyeziona mashine kwanza. 

"Chue kaniambia, na msimlaumu, nilimbana," alisema. "Mimi nilidhani mnagombana. Kumbe muda wote mlikuwa mnanisemesha mimi. Asanteni. Sijawahi kufanyiwa jambo kubwa hivi maishani, na mimi niliwahi kuolewa."

Einar alikohoa. Alikiri, kwa sauti laini ambayo Arlys alikuwa ameisahau, kwamba mke wake amemhamishia chumba kingine kwa kupiga kelele mpaka usingizini. Walicheka, na kicheko kikawafungua. Arlys akawaambia na lile jingine, maana alitaka limalizike: kusikiliza injini mlimani basi. Kuanzia leo Chue na kompyuta yake watasikiliza, yeye atageuza distributa.

"Na ukigeuza vibaya?" Chue aliuliza.

"Utanipigia kelele. Umeshazoea."

Gordy hakucheka safari hii. Alikuwa ameinama, akisukuma changarawe kwa ncha ya buti, na alipoongea aliongea ndani ya sharubu, ile sauti yake ya zamani. Arlys aliipata yote.

"Haikuwa petroli," alisema.

"Najua, Gordy."

"Hujui. Siku ile mlimani, mimi niliisikia. Tangu tulipopanda mara ya kwanza. Ulipoiwahisha mara ya mwisho ilikuwa inagonga mpaka naisikia kwenye meno."

Arlys alimtazama. "Na ukaendelea kukanyaga?"

"Nikaendelea." Alisema alikusudia kuiendesha polepole msimu mzima, kwenye tambarare, kama anabeba mayai. Kuigusa distributa hakuthubutu. Arlys angeiona ile alama ya rangi imesogea, angejua. Na angeweza kabisa, ila siku moja pale kwenye taa za barabara kuu Einar akaja akasimama pembeni yake.

"Mimi nilikupungia mkono tu," Einar alisema.

"Ulinipungia mkono ukiwa ndani ya lile jokofu, nikakanyaga mpaka mwisho."

Chue aligeuka kuficha kicheko. Arlys hakucheka. Alikuwa akiifikiria ile pistoni alivyoishika, na Leonard, na mikono ya Gordy juu ya usukani mlimani.

"Ile injini mliifunga na kaka yako," alisema. "Ungeniambia tu nisimame. Neno moja. Kwa nini hukuniambia?"

Gordy alizipangusa sharubu kwa kiganja.

"Ulikuwa umefumba macho," alisema, "halafu unatabasamu."

Arlys alimshika mkono, mkono mpana wa dereva wa lori, mgumu kwa baridi na usukani. Hakuuachia. Walisimama hivyo mpaka Einar, ambaye ukimya humsumbua, akaanza tena habari za betri yake, kwa sauti ya chini.